Salme na Mfupa wa Ngamia

Haya, sogeeni hapa kwenye ngazi, nyundo za mafundi wa Kamukunji zisinizidi sauti. Leo simtaji sungura wala fisi. Huyu aliishi kweli: Salme, binti wa Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja.

Mnadhani binti wa sultani hakuwa na shida ya shule? Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, basi. Kuandika kuliachiwa wavulana. Nyinyi mkikosa daftari mnamwomba jirani karatasi. Salme alichukua mfupa wa bega la ngamia, akatafuta kalamu na wino, akanakili herufi za Kurani kwa siri mpaka mkono ukazoea.

Ujuzi ule ulimponza. Mwaka 1859, baba yake akiwa ameshafariki, kaka yake Barghash alitaka kumpindua kaka yao Majid, aliyekuwa sultani. Barua za siri za Barghash aliziandika nani? Salme, msichana wa miaka 15! Waingereza wakamsaidia Majid, uasi ukavunjika, Barghash akapelekwa Bombay.

Baadaye Salme akahamia nyumba ya mjini. Jirani yake alikuwa Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani, si mwana wa mfalme yeyote. Wakapendana, Salme akashika mimba. Kwa binti wa kasri, asiyeolewa, hilo lingeweza kumtoa roho. Mwaka 1866 akatorokea Aden kwa manowari ya Waingereza. Mwaka uliofuata akabatizwa, akaitwa Emily, na siku hiyohiyo akafunga ndoa. Wakaenda kuishi Hamburg. Kutoka Unguja hadi baridi ile, jamani!

Mwaka 1870 mumewe alikufa katika ajali ya tramu, gari la reli lililokuwa likivutwa na farasi. Akabaki na watoto watatu wadogo, na urithi wa kwao akanyimwa. Alipata riziki kwa kufundisha Kiarabu.

Mwaka 1885 Wajerumani walimrudisha Zanzibar pamoja na manowari zao. Msidhani walimhurumia; Bismarck, kansela wao, alitaka kumtumia kumbana sultani. Na sultani wakati huo alikuwa Barghash, yuleyule ambaye Salme alimsaidia kuandika barua za uasi. Akakataa kumwona dada yake.

Mwaka 1886 Salme alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani. Humo utakuta vyakula vya kasri, mavazi, ugomvi wa ndugu, na maneno makali kwa Wazungu waliodhani wanawajua wanawake wa Kiarabu. Nakipenda, ila kuna mahali hatupatani kabisa. Salme anautetea utumwa, ilhali mamake mwenyewe, Jilfidan, alichukuliwa kwao Circassia akiwa mtoto, wazazi wake wakiwa wameuawa, akauzwa.