Geti la ofisi ya serikali: funzo la Bogoro

Bogoro iko kilomita kama 25 kusini mwa Bunia, mkoani Ituri, Kongo, kwenye njia ya kwenda Kasenyi na Gety. Katikati ya kijiji palikuwa na shule, Institut ya Bogoro. Mwaka 2003 waasi wa UPC (Umoja wa Wazalendo wa Kongo) walikuwa wameifanya kambi. Alfajiri ya Februari 24, wanamgambo waliotoka eneo la Walendu-Bindi walikivamia kijiji, na raia wengi wakakimbilia kambini kutafuta hifadhi. Kambi ilipoanguka, baadhi ya waliojificha madarasani waliuawa humo humo. Machi 7, 2014, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo hao, kwa kusaidia uhalifu wa siku ile; mwaka 2017 ikaamuru wahanga 297 walipwe fidia.

Lawama ya mauaji ni ya wauaji. Hata hivyo, anayepanga usalama wa majengo ya umma ana la kujifunza hapa: bunduki zikikaa katikati ya wananchi, jengo lao hugeuka shabaha. Kambi iwe mbali na shule, zahanati na ofisi ya chifu.

Umbali hulinda, lakini nao una gharama. Agosti 7, 1998, bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, uliokuwa umebanana na barabara. Watu zaidi ya 200 walikufa, wengi wao wapita njia na waliokuwa katika majengo ya jirani. Ubalozi ukahamia Gigiri, ukaachiwa nafasi kubwa kati ya ukuta na jengo. Ubalozi unaweza kufanya hivyo. Ofisi inayoandikisha watoto wachanga na kusikiliza kesi za mashamba haiwezi kuwakimbia wenye shida.

Kwa Ituri jambo hili ni la leo. Mei 2021, hali ya kuzingirwa ilipoanza, wanajeshi na polisi walishika nafasi za watawala wa kiraia. Mama anayefuata karatasi ya mtoto akiona bunduki mlangoni, anaweza kurudi nyumbani bila kuomba haki yake.

Dawa yake ni kupanga ulinzi kwa hatua. Ukaguzi wa mifuko ufanyike getini, mbali na jengo, juu ya meza ya wazi, chini ya paa, na mwanamke akaguliwe na mwanamke. Pawe na benchi la kungojea na ubao unaoeleza huduma, siku na bei, ili mlinzi asiwe ndiye anayeamua nani apite, wala matabishi (hongo) yasiwe ufunguo wa mlango. Magari yaegeshwe mbali na madirisha. Dirisha la kuhudumia watu liwe mbele. Rejista na hati za ardhi zikae chumba cha ndani chenye kufuli. Pawe na mlango wa pili wa kutokea, unaofunguka kuelekea nje, usiofungwa kamwe saa za kazi. Askari wenye silaha wakihitajika, wasimame pembeni, wasikae kwenye foleni ya watu.

Mengi ya haya hayadai fedha nyingi. Yanadai kiongozi anayekubali kwamba ulinzi wa ofisi upo kwa ajili ya yule aliyekuja kuhudumiwa, na kwamba mwananchi anayeingia bila woga ndiye atakayekuja mapema kutoa habari ya hatari.