Damu ya Wanawake wa Majengo

Mwaka 1980 idara ya elimu ya vijidudu ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza kazi pamoja na madaktari wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada. Shabaha yao ilikuwa vidonda vya zinaa, maradhi ambayo mtu huyaficha hata kwa nduguye.

Kliniki ikawekwa Majengo, Pumwani, kwa ajili ya wanawake waishio kwa kuuza miili yao. Daktari Frank Plummer alichunguza damu. Bibi Elizabeth Ngugi, muuguzi aliyekuja kuwa profesa, aliwakusanya, akawasikiliza, akawafunza kutumia mipira. Naona kazi yake ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi, maana damu haitolewi pasipo imani.

Mwaka 1985 ilidhihirika kwamba zaidi ya nusu ya waliopimwa wamekwisha ambukizwa virusi vya Ukimwi. Lakini wachache, miaka ikapita, hawakuambukizwa: damu yao ilikuwa na askari waliovitambua virusi hivyo. Na ajabu zaidi, baadhi yao walipoiacha kazi ile kwa muda, kinga ilipungua, wakaambukizwa.

Chanjo iliyotafutwa katika damu hiyo haijapatikana. Daktari Plummer alifariki mwaka 2020 mjini Nairobi, alikokuja kuhudhuria mkutano wa vyuo hivyo viwili.