Biashara ya sentimita moja

Nywele za kichwani hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, na biashara nzima ya kufunika mvi imesimama juu ya sentimita hiyo. Umepaka leo, umetoka kijana. Kabla mwezi haujaandama mara ya pili, weupe umeshachungulia kwenye mashina. Anayepaka rangi nyekundu kwa mtindo akichoka huacha. Mwenye mvi hurudi.

Mteja wa namna hiyo hugombewa. Januari 2022, kwenye maonyesho ya teknolojia ya CES, L'Oréal ya Ufaransa ilitangaza Colorsonic, kifaa cha kupakia rangi nyumbani, kinachoshikwa kama brashi ya nywele. Ndani yake unatia katriji. Kinachanganya rangi na dawa yake chenyewe, kisha meno yake yanachezacheza upesi, mara 300 kwa dakika, yakipaka huku yakichana. Bakuli na fujo zake havimo tena.

Mfanyabiashara mwenye jicho kali ataipita ile brashi na kuitazama katriji. Kifaa hununuliwa mara moja, katriji kila mashina yanapochungulia. Ni hesabu ya printa na wino wake. Dukani, pakiti za kampuni mbalimbali hushindana upya kila mteja anapoingia. Aliyekwisha kulipia kifaa ameshachagua, na hana haja ya kupita kwenye rafu.

Kilichomo kwenye rangi chenyewe ni cha kale. Mkemia Eugène Schueller alitengeneza rangi yake ya nywele jijini Paris mwaka 1907, na kampuni aliyoianzisha 1909 ndiyo L'Oréal ya leo. Huko Marekani, Clairol iliwapelekea wanawake rangi ya kujipakia nyumbani mwaka 1956, kwa tangazo lililowaacha majirani wakijiuliza kama mama fulani amepaka au hajapaka. Jina hilo lilipanda thamani hata Procter & Gamble ikalinunua mwaka 2001 kwa karibu dola bilioni 5.

Kwetu, kifaa cha kupakia ni mswaki wa zamani. Kanta iko kila duka la vipodozi, na maarufu mojawapo ni Bigen ya kampuni ya Hoyu kutoka Nagoya, Japani: kichupa cha unga wa gramu 6 unaokorogwa kwa maji tu. Kinyozi humaliza kunyoa, akakoroga kidogo, akagusa ndevu na kando za masikio, na mzee akarudi ofisini. Hapo mashine ya kigeni ina kazi ngumu. Inataka mtu atoe fedha nyingi kwanza ili apate nafuu baadaye, wakati soko letu hununua kinachotosha kichwa kimoja, leo.

Lakini lipo jambo moja ambalo mashine inatuzidi, nalo halitajwi sana kwenye matangazo: inapima. Rangi nyingi za kudumu nyeusi hutegemea kemikali iitwayo PPD, ile ile ambayo watu wa pwani huijua kwa jina la piko. Chembe zake ndogo hupenya ndani ya unywele, zikaungana humo na kuwa kubwa, zisiweze kutoka kwa kuoshwa. Umoja wa Ulaya unataka isizidi asilimia 2 kwenye mchanganyiko unaopakwa kichwani. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1938, inaziachia rangi za aina hii mradi pakiti ibebe onyo na maelekezo ya kujijaribu kwanza kwenye ngozi. Piko inayouzwa kwa kijiko haina asilimia wala onyo, na bibi harusi aliyetoka malengelenge mikononi anajua gharama yake.

Kupima huko hakuhitaji betri. Pakiti ndogo iliyofungwa kiwandani inatosha, na ndiyo maana unga wa gramu chache, kama ule wa Godrej ya India, una nafasi nzuri zaidi Kariakoo kuliko brashi yoyote ya umeme. Tatizo ni hicho kikaratasi kinachokunjwa ndani ya boksi, kinachomwambia mtu ajijaribu saa 48 kabla ya kupaka. Anayepakwa kwa kinyozi hakioni kabisa: boksi lilifunguliwa asubuhi, kwa ajili ya mtu mwingine.