Mwanga wa Ajabu Usiku: Uchunguze Kabla ya Kuogopa

Ndugu msomaji, umewahi kuona mwanga wa ajabu angani usiku? Labda ulikuwa unatoka kwenye kisomo. Labda ulikuwa shambani unalinda mahindi yasiliwe na nguruwe. Ukaona kitu kinawaka. Si mwezi. Si taa ya jirani. Ukasimama. Ukaogopa.

Kuogopa si aibu. Kila mtu huogopa asichokijua. Lakini hofu isiyochunguzwa huleta hasara kubwa kijijini. Katika nchi yetu ya Tanzania wazee, hasa akina mama, wamepigwa na hata kuuawa kwa kushukiwa uchawi. Wengine walishukiwa kwa sababu ya macho mekundu tu. Kumbe macho hayo yaliharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Mwanga nao unaweza kugeuzwa kuwa ushahidi wa uongo. Basi tujifunze namna ya kuuchunguza.

MWANGA JUU YA PAA LA BIBI

Tuseme jua limetua. Umesimama mlangoni kwako, unatazama magharibi. Juu ya paa la bibi mmoja mjane unaona mwanga mweupe, mkali. Unametameta. Mara ni mwekundu, mara ni wa kijani. Kesho yake, saa ile ile, unauona tena. Watu wanaanza kunong'ona: "Kwa nini kila siku uko kwa bibi yule?"

Wewe usinong'one. Fanya jaribio. Tembea hatua 100 upande wa kulia. Sasa tazama tena magharibi. Je, mwanga bado uko juu ya paa la bibi? La. Sasa uko juu ya nyumba ya mwenyekiti wa kijiji. Tembea tena hatua nyingine 100. Sasa uko juu ya shule. Je, mwenyekiti naye ni mchawi? Na shule je?

Mwanga haukuhama. Wewe ndiye uliyehama. Kitu kilicho mbali sana huweza kuonekana juu ya kila nyumba. Kwa sababu hiyo hiyo mwezi huonekana kama unakufuata unapotembea njiani.

Mwanga huo unaitwa Zuhura. Zuhura ni sayari. Inalizunguka jua, kama dunia yetu inavyolizunguka. Haina mwanga wake yenyewe. Imefunikwa na mawingu mazito, na mawingu hayo hung'aa kwa mwanga wa jua, kama bati jipya linavyong'aa mchana. Ukiacha jua na mwezi, hakuna nyota wala sayari inayong'aa kuipita. Hata inapotukaribia sana, iko mbali nasi kiasi cha kilomita milioni 40.

Miezi mingine Zuhura huonekana magharibi jioni. Miezi mingine huonekana mashariki alfajiri. Usiku wa manane huwezi kuiona. Na zile rangi zinazobadilika je? Huletwa na hewa. Sayari ikiwa chini karibu na upeo, mwanga wake hupita katika hewa nyingi. Hewa hiyo hutikisika, kama unavyoiona ikitikisika juu ya moto.

MWANGA UNAOTEMBEA

Mwanga mwingine hutembea. Ukiwa unawaka na kuzimika, unawaka na kuzimika, hiyo ni ndege. Ndege ina taa nyekundu bawa la kushoto na taa ya kijani bawa la kulia. Usishangae kama husikii sauti mara moja. Sauti hutumia sekunde 3 hivi kusafiri kilomita moja. Ndege ikiwa juu kilomita 10, sauti yake hukufikia baada ya nusu dakika. Wakati huo ndege yenyewe imekwisha kupita.

Lakini mwanga ukitembea kimya, bila kuwaka na kuzimika, huenda ni setilaiti. Setilaiti ni chombo kilichorushwa na watu ili kiizunguke dunia. Mara nyingine utaona kinafifia na kupotea katikati ya anga. Hakikufa. Kimeingia katika kivuli cha dunia, na mwanga wa jua haukifikii tena.

Vyombo hivi si vigeni Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti moja ilirushwa kutoka jukwaa lililo baharini karibu na Malindi, Kenya. Ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya uhuru.

Tangu mwaka 1998 kuna pia kituo kikubwa cha anga kinachoizunguka dunia. Kiko juu kiasi cha kilomita 400. Kinaizunguka dunia nzima kwa dakika 90 hivi. Tangu Novemba 2000 watu wamekuwa wakiishi humo kwa zamu.

Je, umeona taa nyingi zimefuatana kama siafu? Hizo nazo ni setilaiti. Mei 2019 kampuni ya SpaceX ya Marekani ilirusha setilaiti 60 kwa safari moja. Kazi yake ni kupeleka intaneti. Baadaye ilirusha nyingine nyingi. Siku za kwanza hutembea kwa mstari, kisha hutawanyika.

MWANGA UNAOANGUKA

Mara nyingine mwanga hupita ghafla kama njiti ya kiberiti iliyotupwa. Hicho ni kimondo. Mara nyingi ni kipande kidogo tu, kama chembe ya mchanga. Kinaingia katika hewa yetu kwa mwendo mkali sana, kinapata joto na kuwaka. Kila mwaka, usiku wa tarehe 13 na 14 Desemba, vimondo huonekana vingi. Kama hakuna mawingu, toka nje uhesabu pamoja na watoto.

Vimondo vikubwa ni vichache. Kimoja kiko Mbozi, mkoani Songwe. Kina urefu wa mita 3 hivi na uzito wa zaidi ya tani 10. Sehemu yake kubwa ni chuma. Watu huenda kukitazama na kukigusa.

Vipande vya vyombo vya angani navyo huanguka mara chache. Tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya chuma ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Uzito wake ulikuwa kilo 500 hivi. Wanakijiji walitoa taarifa, na wataalamu wa serikali wakaja kuichukua. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukiona kitu cha namna hiyo, usikiguse. Zuia watoto. Mwarifu mtendaji wa kijiji au polisi.

HATUA ZA KUCHUNGUZA

1. Mwite mtu wa pili aone. Macho manne ni bora kuliko mawili.

2. Simama mahali pamoja. Linganisha mwanga na tawi la mti au pembe ya paa. Je, unatembea, au umetulia?

3. Sogea hatua 100. Je, bado uko juu ya kitu kile kile?

4. Sikiliza kwa dakika moja.

5. Andika tarehe, saa, na upande ulikouona. Sasa unajua kuandika. Itumie kalamu yako.

6. Kesho yake rudi saa ile ile, mahali pale pale.

7. Asubuhi nenda ukatazame upande ule. Huenda kuna mnara wa simu wenye taa nyekundu, au wavuvi wanaotumia taa usiku. Lakini ukiona moto wa nyika unasogea, usingoje asubuhi. Waamshe wenzako.

Ndugu msomaji, zungumza habari hii na wenzako wa kisomo. Mtu akisema, "Nimeona mwanga kwa bibi fulani," usimcheke na usimfokee. Mshike mkono, mwende nje, mtembee naye hatua 100. Huenda hatua hizo zikaokoa maisha ya mtu.