Mhadhara Mmoja Sengerema Unagharimu Kiasi Gani?

Aprili 2025 kampuni ya Perseus Mining ya Australia ilitangaza kuwekeza dola milioni 523 za Marekani katika mgodi wa dhahabu wa Nyanzaga, wilayani Sengerema. Miezi miwili baadaye, Juni 19, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli linalounganisha Kigongo na Busisi juu ya ghuba ya Ziwa Victoria. Lina urefu wa kilomita 3, limejengwa na kampuni za China, na limegharimu Serikali ya Tanzania zaidi ya shilingi bilioni 700. Nyuma zaidi, mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hilo, wakiwemo sangara, kwa hofu ya sumu, na uamuzi uliopitishwa Brussels ukawabana wavuvi kwenye mialo ya huku.

Dhahabu, daraja na sangara ni mada ambazo vyuo vikuu huziweka chini ya taaluma za kimataifa: biashara, madeni, mikataba, mipaka, nguvu za mataifa makubwa. Watu wa Sengerema wanaishi ndani ya mada hizo kila siku, lakini mihadhara inayozichambua hutolewa mbali nao. Swali la uchambuzi huu ni la fedha: kumfikishia mkazi wa Sengerema mhadhara mmoja wa umma kunagharimu kiasi gani, na nani anaweza kulipa?

Nauli ya kufuata elimu

Mihadhara ya umma yenye jina kubwa zaidi nchini iko Dar es Salaam. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Taaluma cha Mwalimu Nyerere, Profesa Issa Shivji akiwa mshika kigoda wa kwanza. Mwaka uliofuata Wole Soyinka wa Nigeria, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, alikuja kuhutubia. Milango ilikuwa wazi kwa umma, ila umma uliokuwa karibu na milango hiyo.

Kutoka Sengerema hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kilomita zipatazo 1,210. Kwa viwango vilivyotangazwa na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, Desemba 2023, basi la masafa marefu la daraja la kawaida hutoza shilingi 48.47 kwa kilomita. Kwenda na kurudi ni kama shilingi 117,300, kabla ya chakula na mahali pa kulala. Mtumishi wa umma wa kima cha chini, kilichopanda hadi shilingi 500,000 Julai 2025, angetumia karibu robo ya mshahara wake kwa nauli ya mhadhara mmoja.

Chuo kikuu kilicho jirani ni cha Mtakatifu Agustino, SAUT, kilichoanza mwaka 1998 pale Malimbe, Nyegezi, upande wa pili wa ghuba. Umbali ni kama kilomita 50. Kwa kiwango kilekile, kwenda na kurudi ni shilingi 4,847. Hiyo ni mara 24 pungufu ya safari ya Dar es Salaam, lakini kwa mwanafunzi wa sekondari au mama muuza dagaa bado ni fedha ya chakula. Wasikilizaji 300 wakivuka pamoja, nauli peke yake inafika shilingi 1,454,100.

Tugeuze safari. Badala ya watu 300 kumfuata mhadhiri, mhadhiri awafuate.

Bajeti ya mchana mmoja

Haya ni makadirio yangu. Yanachukulia kwamba wageni ni wawili, mtoa mada na mwongoza mjadala, na kwamba ukumbi unachukua watu 300.

- Posho ya kujikimu ya usiku mmoja kwa wageni wawili, kwa kiwango cha juu cha Serikali cha mwaka 2022, shilingi 250,000 kila mmoja: 500,000
- Mafuta ya gari, kilomita 100: 40,000
- Ukumbi: 200,000
- Spika na jenereta: 150,000
- Maji ya kunywa kwa watu 300: 150,000
- Gari la matangazo: 100,000

Jumla ni shilingi 1,140,000, yaani shilingi 3,800 kwa kila msikilizaji. Mhadhara mzima, ukiwa na ukumbi, spika na maji, umeshakuwa nafuu kuliko nauli ya kuwavusha watu hao kwenda Malimbe.

Katika orodha hiyo posho imebeba asilimia 44, na hapo ndipo daraja linapoingia kwenye hesabu. Wakati wa kivuko, foleni ya Kigongo na Busisi ingeweza kula saa mbili au zaidi, kwa hiyo mgeni wa mchana alilazimika kulala. Sasa ghuba inavukwa kwa dakika chache. Mhadhara ukianza saa nane na kumalizika saa kumi na moja, mhadhiri analala kwake. Tukimlipa kila mgeni shilingi 60,000 za chakula na usumbufu badala ya posho ya usiku, gharama inashuka hadi shilingi 760,000, au 2,533 kwa kila kichwa. Daraja limekata theluthi moja kamili.

Kipengele kimoja hakimo katika bajeti hii, na nimekiacha kwa makusudi: posho ya washiriki. Semina nyingi za miradi zimewazoesha watu kusaini karatasi na kuondoka na bahasha. Kila msikilizaji akipewa shilingi 10,000, zinahitajika milioni 3, karibu mara nne ya gharama ya shughuli yote, na mfululizo wa mihadhara utakufa siku mfadhili atakapoondoka. Watu huweza kuja bila bahasha: mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wa chama cha USARF, ambacho Yoweri Museveni alikiongoza, walikuwa na darasa lao la siasa na historia siku za Jumapili, na mwanahistoria Walter Rodney alikuwa miongoni mwa waliowafundisha. Kiu ya kuelewa ndiyo iliyojaza madarasa yale. Mada ikigusa maisha ya watu na ikielezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, watu watakuja.

Kutoka 300 hadi maelfu

Ukumbi una kuta. Redio haina. Sengerema ina historia nzuri hapa: mwaka 2001 kilianzishwa kituo cha mawasiliano cha jamii kikiungwa mkono na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), UNESCO na wengine, na kutoka hapo ikazaliwa Redio Sengerema.

Tukadirie saa moja ya hewani kwa shilingi 300,000. Gharama yote inakuwa 1,060,000. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 663,034 katika wilaya ya Sengerema pamoja na Buchosa, na tangu hapo wameongezeka. Akisikiliza mtu mmoja tu katika kila 100 wa hesabu hiyo ya zamani, ni wasikilizaji 6,630. Ukijumlisha na 300 wa ukumbini, gharama inashuka hadi shilingi 153 kwa mtu.

Hata hivyo, redio haiwezi kuchukua nafasi ya ukumbi. Thamani ya mhadhara wa umma iko katika swali ambalo mhadhiri hakulitarajia, kutoka kwa mtu anayelijua ziwa au shimo la dhahabu kwa mikono yake. Kwa hiyo nusu ya muda iwe ya maswali, na simu za wasikilizaji zipokelewe hewani. Chuo nacho kitanufaika: mwalimu wa biashara ya kimataifa atapata ushahidi ambao hauko maktabani.

Nani alipe?

Mihadhara minane kwa mwaka, pamoja na redio, ni shilingi 8,480,000. Kwa kubadili dola moja kwa shilingi 2,500, hiyo ni dola 3,392. Ukilinganisha na dola milioni 523 za Nyanzaga, huhitaji kikokotoo.

Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Madarasa na zahanati huingia katika mipango ya namna hiyo, na inafaa ziendelee kuingia. Maarifa nayo yapewe mstari wake. Sharti ni moja: fedha zipitie halmashauri, na mada pamoja na wazungumzaji vichaguliwe na chuo kwa kushauriana na walimu na viongozi wa jamii. Mhadhara kuhusu mikataba ya madini ambao mgodi umeuchagulia msemaji hautaaminika.

Mada tatu za kwanza ziko wazi. Sheria inaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika mgodi wa leseni kubwa: fedha yake inapatikanaje, na lini? Sangara anayeuzwa Ulaya anapangiwa bei na nani? Na kwa nini kampuni za China zinashinda zabuni nyingi za miundombinu Afrika? Halmashauri ina ukumbi, chuo kina wahadhiri, redio ina mawimbi. Mhadhara wa kwanza unahitaji shilingi 1,060,000 na barua moja ya mwaliko, na barua hiyo ni ya halmashauri kuiandika.