Ajira za ubunifu: Sampuli kwanza, vyeti baadaye

SOKO la ajira za ubunifu jijini Dar es Salaam bado ni changa likilinganishwa na masoko ambayo wafanyabiashara wengi wameyazoea. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, mchoraji, mpigapicha au mtunzi wa matangazo alikuwa na waajiri wachache, wengi wao wakiwa idara na mashirika ya umma. Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa redio na televisheni za binafsi, na mwaka 1994 Radio One na ITV zikaingia hewani. Kampuni za bia, na baadaye za simu za mkononi, zikaanza kugombea wateja. Kila tangazo likahitaji mtu wa kuliandika, kulichora, kulipiga picha na kulihariri.

Mahitaji hayo yapo hadi leo, lakini waombaji nao wameongezeka, kwa kuwa kompyuta na simu zimepunguza gharama ya kuingia katika fani. Mfanyabiashara anayemlipia kijana wake ada ya chuo na kumnunulia kamera anaweka mtaji kama anayenunua lori. Ni haki yake kujua mtaji huo unarudi kwa njia gani.

Bidhaa huonjwa kabla ya bei

Katika mnada wa kahawa wa Moshi, mnunuzi huonja sampuli kabla ya kutaja bei. Ajira za ubunifu huendeshwa hivyo hivyo. Barua ya maombi, wasifu na vyeti bado vinatakiwa, lakini kinachomfanya mwajiri amwite mwombaji ni jalada la kazi, yaani mkusanyo wa kazi alizokwisha kufanya.

Jalada zuri si nene. Kazi 10 zilizochaguliwa vizuri zinauza kuliko 40 zilizochanganywa na hafifu, na iliyo bora hukaa mbele, kwa sababu mwajiri mwenye maombi mengi huenda asifike mwisho. Kwa wahariri wa video, dakika 1 au 2 zinatosha. Chini ya kila kazi iandikwe ilifanywa kwa ajili ya nani, ilichukua siku ngapi, na mwombaji mwenyewe alifanya sehemu gani. Anayedai kazi ya watu 5 kuwa ni yake peke yake huumbuka siku ya usaili.

Asiye na kazi za kulipwa asisubiri bahati. Lebo ya unga wa mashine ya jirani au bango la duka la mjomba ni sampuli halali, mradi mwenye biashara aridhie. Tangazo lililofanywa kwa mwajiri wa zamani na ambalo halijatoka hadharani lisionyeshwe. Atakayeliona atajua siri zake nazo zitatembezwa.

Kazi ya majaribio

Hapa ndipo wengi huumia. Mwombaji huambiwa atengeneze nembo au tangazo ili apimwe. Ajira haitokei, lakini kazi yake huonekana barabarani. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoanzisha COSOTA. Chini ya sheria hiyo kazi hulindwa tangu inapotengenezwa. Kuisajili kunasaidia ushahidi. Lakini kinacholindwa ni kazi iliyokamilishwa kwa maandishi, picha au sauti. Wazo tupu halilindwi. Aliyemwaga mawazo yote kwa mdomo kwenye usaili hana cha kudai.

Kwa hiyo mwombaji aulize mapema kama jaribio litatumika kibiashara na, likitumika, malipo ni kiasi gani. Apeleke nakula ya ubora mdogo yenye jina lake na tarehe, na abaki na faili halisi. Jaribio la saa 2 ni la kawaida. La wiki nzima ni kazi, na kazi ina bei.

Mshahara au malipo kwa kazi?

Tuchukulie mfano. Kijana ana njia mbili: mshahara wa Sh 700,000 kwa mwezi akitumia vifaa vya mwajiri, au Sh 900,000 kwa mwezi kama mkandarasi akitumia vifaa vyake. Vifaa hivyo vimegharimu Sh 6,000,000 na vitadumu miaka 3. Kila mwezi vinakula Sh 166,667. Zinabaki Sh 733,333. Aliyeajiriwa, kwa upande wake, huchangiwa NSSF. Mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri akibeba nusu, hiyo ni Sh 70,000 juu ya mshahara. Jumla ni Sh 770,000 kabla ya kodi. Ile laki 9 iliyoonekana kubwa imepitwa, na miezi isiyo na kazi bado haijahesabiwa.

Mkandarasi ajue pia kwamba kampuni inayomlipa ada ya huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Adai hati ya makato hayo, kwani huhesabiwa katika kodi yake ya mwaka. Anayeitupa hulipa mara mbili.

Kabla ya kusaini, mambo manne yawe kwenye karatasi: kazi itakuwa mali ya nani, marekebisho ni mara ngapi, malipo yatatoka lini, na kama mwombaji anaruhusiwa kuiweka kazi hiyo katika jalada lake. Hilo la mwisho husahaulika mara nyingi, ingawa ndilo litakalomtafutia ajira ijayo. Na anayetaka fedha ili "kupitisha" maombi aepukwe. Katika soko hili, mnunuzi ndiye anayelipa.