Bukavu: Kwa nini vilima vyetu vinatembea?

Kila msimu wa mvua, wakaaji wa Ibanda wanauliza swali lile lile: kwa nini kuta zinapasuka, barabara zinakatika na nyumba zinaondoka na udongo? Kuna wanaosema ni mapenzi ya Mungu, kuna wanaomlaumu jirani aliyechimba kilima. Tuangalie ardhi yenyewe, maji, halafu sisi watu.

Ardhi inayoachana

Bukavu iko ndani ya Bonde la Ufa, ule mpasuko mkubwa unaopita Afrika ya Mashariki. Vipande viwili vya ardhi vinaachana polepole, milimita chache tu kwa mwaka. Katikati ardhi ilishuka, pembeni milima ikabaki juu, na maziwa ya Albert, Edward, Kivu na Tanganyika yakajaa humo. Ardhi ikivutwa hivyo, siku moja mwamba unakatika ghafla: ndilo tetemeko. Wengi wetu tunakumbuka Jumapili asubuhi, tarehe 3 Februari 2008. Tetemeko la ukubwa wa 5,9 liliua watu hapa Bukavu na ng'ambo, Rwanda.

Ziwa lililogeuza njia

Zamani maji ya Kivu yalikuwa yanaenda kaskazini, upande wa ziwa Edward. Volkano za Virunga zikarundika lava na kuziba njia hiyo. Maji yakapanda, yakafunika mabonde, na karibu miaka 10.000 iliyopita yakapata mlango wa kusini. Mlango huo ndio mto Ruzizi, unaoanzia hapa kwetu na kushuka karibu mita 700 hadi Tanganyika. Muhumba, Nguba na La Botte, tunakoona ardhi imeingia ziwani kama vidole, ni migongo ya vilima ambavyo mabonde yake yalizama.

Udongo mwekundu

Chini ya miguu yetu kuna lava ya zamani zaidi, ya mamilioni ya miaka. Joto na mvua vimeozesha jiwe hilo mpaka likawa udongo wa mfinyanzi. Ukikauka ni mgumu, ukinywa maji mengi unakuwa mzito na unateleza.

Hapo tusichanganye mambo mawili. Kile tunachoita erozio ni maji kuchimba juu, yakiacha mifereji inayokula njia na parseli. Poromoko ni kilima chenyewe kushuka. Linaweza kuja kwa dakika chache, au kutembea polepole kwa miaka mingi, kama kule Funu, komini ya Kadutu. Watafiti walilinganisha picha za Funu za karibu miaka 70. Waliona kwamba kilima hicho kilikuwa kinatembea tangu zamani, lakini sehemu yake imeongeza mwendo tangu mji ulipokipanda.

Sehemu yetu sisi

Mji unabadilisha njia ya maji. Mvua iliyokuwa inaanguka kwenye majani sasa inaanguka kwenye mabati, na maji ya paa zima yanamwagika mahali pamoja. Ongeza bomba linalovuja, kanivo iliyojaa takataka, na mguu wa kilima uliokatwa ili kupata nafasi ya kujenga. Mwezi wa Mei 2023, huko Bushushu na Nyamukubi, eneo la Kalehe, maji, mawe na udongo viliua mamia ya watu. Mteremko mkali na mvua kubwa havihitaji muda mrefu.

Alama za kuangalia

Ufa ukutani au uwanjani unaozidi kupanuka. Mlango uliokuwa unafunga vizuri na sasa unakwama. Mti au nguzo inayoanza kuinama. Maji yanayotoka ardhini mahali ambapo hayakuwepo. Andika tarehe pembeni ya ufa na uupime kila wiki. Ukiona unaongezeka, mwambie shefu wa avenue na majirani walio chini yako. Mvua ikinyesha sana, usilale upande wa nyumba unaogusa kilima. Kama ufa unaongezeka, toka na watoto, mwende kwa ndugu.

Bonde la Ufa hakuna mtu atakayelizuia. Lakini maji ya paa lako unaweza kuyakusanya kwenye pipa au kuyapeleka kwenye kanivo leo hii, na kazi hiyo ikifanywa avenue nzima, jirani wa chini naye atalala.